Makaa Hayalali na Watu

Tarehe tisa Julai mwaka 1949, alasiri, nilimpoteza binti yangu wa kwanza. Hakuwa na jina. Katika ukoo wa mume wangu mtoto hakupewa jina mbele za watu mpaka mama yake amalize siku zake za kukaa ndani, na mimi nilikuwa bado sijatoka. Kwa hiyo sina la kumwita hata leo ninapoandika. Nikimtaja husema tu "yule wa kwanza," na watoto wangu wengine wanaelewa.

Alikufa nikiwa naye kitanda kimoja, nami sikujua. Siku ile kichwa kiliniuma tangu asubuhi, kikigonga kama kuna mtu ndani yake. Ukungu wa msitu wa Shengena ulikuwa umeshuka mpaka migombani, kama kawaida ya kijiji chetu cha Chome mwezi wa saba, na ndani mlikuwa na joto zuri. Nilimnyonyesha. Alinyonya kidogo akaacha. Nikasema acha alale, na mimi nikalala.

Kilichoniamsha ni sauti ya mama mkwe. Alikuwa ameingia na kibuyu cha uji, mlango ameuacha wazi nyuma yake.

"Mbona mtoto kimya?" alisema.

Nilitaka kuinuka nimwambie amelala. Mikono haikunitii. Ilikuwa mizito kama mikono ya mtu mwingine niliyowekewa kifuani. Nilimwona mama mkwe akifunua blanketi, akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Aliliweka hapo muda mrefu. Kisha akakiweka kibuyu chini taratibu sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Mashavu ya mtoto yalikuwa na rangi nzuri. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya mtoto aliyetoka kunyonya akashiba. Kila mwanamke aliyekuja kumwona kabla hajazikwa alisema vivyo hivyo: mbona kama amelala? Nimewaona wafu wengi baadaye katika maisha yangu, na rangi yao naijua. Ile haikuwa rangi yao. Kwa miaka miwili niliiota ile midomo, nikiamka najipapasa kifuani kuona kama nimemlalia mtu.

Maana ndivyo walivyosema. Walisema nimemlalia.

Hakuna aliyeniambia usoni siku ya maziko. Lakini wiki chache baadaye nilikuwa nashuka kwenye mfereji kuteka maji, na wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa pale na wenzake. Hawakuniona kwa sababu ya migomba. Nikamsikia akisema, "Usingizi wa binti wa mhunzi, ndugu zangu! Amelelewa na kelele za nyundo. Kilio cha mtoto atakisikia wapi?"

Wakacheka, si kicheko cha furaha, kile cha watu wanaoogopa jambo. Nilirudi nyumbani na mtungi mtupu.

Ni kweli mimi ni binti wa mhunzi. Baba yangu alifua majembe na visu, na baba yake kabla yake. Watu walimheshimu na kumkwepa pia, maana wahunzi walikuwa na miiko mingi na ilisemekana maneno yao yana nguvu. Mume wangu aliponioa, sisi sote tulikuwa tumebatizwa, na mchungaji alisema mambo ya miiko yamekwisha. Yalikwisha kanisani. Kwenye mfereji yalikuwa bado.

Mama mkwe ndiye aliyeninusuru. Alikuwa mwanamke mkali, mwembamba, mwenye macho mekundu na kikohozi cha kila asubuhi. Siku moja mbele ya watu wote, tukila makande, alisema, "Mtoto ameuawa na baridi. Nyumba ile ni ya bati, na bati ni baridi. Sitaki kusikia neno lingine."

Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Ni baridi. Nilitaka iwe baridi. Baridi haina lawama.

Lazima nieleze nyumba ile, maana bila nyumba hakuna kitakachoeleweka.

Wazazi wa mume wangu waliishi katika nyumba ya msonge, ya miti na nyasi, paa limeshuka karibu na ardhi. Katikati ni mafiga matatu, upande mmoja mbuzi, upande mwingine kitanda. Moto haukuzimika humo. Moshi ulijaa juu, ukatoka wenyewe polepole katikati ya nyasi, hata ukiitazama nyumba kwa mbali asubuhi ungedhani paa lote linafuka. Masizi yalining'inia kwenye fito kama nyuzi. Ukiingia kutoka nje ulikohoa, ukatoa machozi, ukainama ukaketi chini ndipo ukaweza kuongea. Mama mkwe alikuwa ameula moshi ule tangu kuzaliwa, na ndio uliompa yale macho.

Mume wangu aliuchukia. Alifanya kazi ya kupakia mizigo Same, kwenye stesheni ya reli, na kila aliporudi mlimani alimtazama mama yake akifuta macho kwa pindo la kanga, na uso wake yeye ukabadilika. Ndiyo maana alijenga. Matofali tulichoma wenyewe. Mabati yalitoka Same, yakapanda mlima vichwani mwa watu, na siku ya kuezeka wakaja majirani wote kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wakala mbuzi wakaimba. Baba mkwe aligonga bati kwa fimbo yake akasema, "Nyumba inayolia kama ngoma! Mvua ikinyesha mwizi ataingia, tutamsikiaje?" Lakini alikuwa anatabasamu.

Nilipokaribia kujifungua, mume wangu akasema, "Mke wangu hatazalia moshini." Akaleta kutoka Same jiko la makaa, la bati, lenye miguu mitatu. Kule Same alikuwa amewaona wanawake wakipikia majiko kama lile barazani, kwenye jua na upepo, na sufuria zao ni nyeupe. Makaa yalikuwepo kwetu, lakini yalikuwa ya wahunzi. Hakuna aliyekuwa akiyaleta ndani. Tuliliwasha nje, lilipokolea tukaliingiza chumbani, na wote tukasimama kulitazama. Hakukuwa na moshi. Hata uzi mmoja.

"Moto gani huu usiotoa machozi?" aliuliza mama mkwe. Akasogeza uso karibu kabisa, akafumba na kufumbua macho yake mekundu. "Moto wa wavivu," akasema. Lakini hakuondoka karibu nao.

Kwa desturi ya kwao, mwanamke aliyejifungua alikaa ndani na mtoto wake, na moto haukuzimwa mpaka siku ya kutoka. Dirisha lilifungwa, mtoto asionwe na kila apitaye njia. Mlango ulifungwa, baridi isimwingie mama mgongoni. Mtoto hakutolewa chini ya anga kabla ya siku yake, kwa lolote. Wanawake wote wa ukoo ule walikaa hivyo katika misonge yao, wakatoka salama na watoto wao. Sisi tuliichukua desturi kama ilivyo, tukaihamishia kwenye nyumba ya matofali.

Kati ya ukuta na mabati palikuwa na upenyo kuzunguka nyumba nzima, na ukungu uliingia hapo. Mume wangu aliuona siku alipokuja kumtazama binti yake. Alipanda juu ya meza na udongo na matambara, akaziba pote, akilala ubavu kufikia pembe za mbali. Ilimchukua kutwa nzima. Aliposhuka alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Sasa unasikia baridi?" Nikamwambia sisikii. Tulifurahi sana. Akarudi kazini Same. Kichwa changu kilianza kuuma baada ya siku ile, na haikuchukua siku nyingi mtoto akafa.

Ninayaandika haya kwa mfuatano kama yalivyotokea. Wakati ule sikuyaona kwa mfuatano. Niliona tu kitanda, na rangi ile.

Mwaka 1951, mwezi wa sita, nilijifungua tena, mtoto wa kiume. Kabla hata hajalia vizuri nilikwisha kuanza kumwogopea. Na kwa kuwa wote tulikubaliana kwamba baridi ndiyo iliyomwua dada yake, safari hii tulipigana na baridi kwa nguvu zetu zote. Mume wangu aliongeza matambara juu ya yale ya zamani. Kwenye dirisha alipigilia ngozi ya mbuzi. Mama mkwe akatafuta gunia la kuziba chini ya mlango, na makaa tukapewa mengi, jiko likawa halipoi. Chumba kilikuwa na giza mchana, tukawa tunawasha koroboi, na ile harufu ya mafuta ya taa ilikaa kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye uji. Ukipenga kamasi zilikuwa nyeusi.

Mama mkwe alihamia chumbani kwangu. Hakusema sababu, nami sikumwuliza. Nilijua anakuja kuulinda usingizi wangu.

Mimi sikulala na mtoto. Nilimwekea tenga kando ya kitanda, nikalitandika ngozi laini, ili asiwepo mtu wa kusema nimemlalia. Nilikaa nimeegemea ukuta, macho kwenye tenga, nikihesabu pumzi zake mpaka hesabu inanipotea. Nikisinzia nilishtuka. Nikishtuka nilinyosha mkono kumgusa. Akiguswa alilia, na mama mkwe alisema, "Mwache mtoto alale, mwanangu. Utamchosha kabla ya wakati wake."

Kisha kichwa kikaanza.

Kwanza kilikuja polepole, kama kitambaa kilichofungwa kwa kukazwa kwenye paji la uso. Nilipotoka nje, maana niliruhusiwa kwenda chooni nyuma ya nyumba nikiwa nimejifunika gubigubi, kilipungua. Niliporudi kikarudi. Mama mkwe naye alianza kulalamika miguu. Alisema imejaa maji. Alisema ni uzee.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba, na ndipo hofu yangu ilipokuwa mbaya zaidi.

Banda la baba yangu la kufulia chuma halikuwa na kuta. Lilikuwa nguzo na paa tu, upepo unapita pande zote, hata mvua ya upande ikiingia yeye alisogea tu. Kazi ikiisha makaa yalibaki palepale bandani. Mama yangu aliwahi kuomba makaa machache siku ya baridi, ayaweke kwenye chungu ndani tulikolala watoto. Baba alikasirika. Alisema, "Makaa hayalali na watu." Hakueleza. Ulikuwa mwiko kama mingine: usivuke nyundo, mwenye mimba asiguse mivukuto ya kupulizia moto, makaa hayalali na watu. Sidhani kama naye alijua sababu. Aliambiwa na baba yake.

Miiko ile niliitupa yote siku ya ubatizo. Sasa nikiwa nimeketi gizani mchana, nayatazama yale makaa mekundu ya jiko, nilianza kufikiri kwamba haikuwa imetupika. Nilifikiri: nimevunja mwiko wa baba, na mwiko unakula watoto wangu. Tena nilifikiri: nikilisema hili, wifi atasema alijua tangu zamani, kwamba binti wa mhunzi ameleta laana nyumbani kwao. Nitarudishwa kwetu, na mtoto atabaki. Nisiposema je? Nilisali. Nilisali kwa sauti ndogo mama mkwe asisikie, halafu nikaogopa kwamba nasali kwa Mungu juu ya jambo la mizimu. Sikujua hata nimwombe nani kuhusu nini.

Basi nikanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi. Ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji, lilikuwa limebomoka ukingo, na pembe ilipigwa asubuhi kuwaita watu wote wenye nguvu. Baba mkwe alikwenda na jembe lake. Wifi alituletea jiko lenye makaa mapya yaliyokolea vizuri, akaliweka kati ya kitanda na kigoda cha mama yake.

"Msitoke," alisema. "Ukungu umefika mlangoni kabisa, unabisha hodi."

"Nenda, nenda," mama mkwe alisema. "Wasije wakasema tumekuficha na wewe umezaa."

Wifi akacheka, akafunga mlango. Mama mkwe akasukuma gunia chini yake kwa mguu, akarudi kuketi, akachukua ungo wa maharage makavu akaanza kupukuchua.

Tuliongea. Alinisimulia jinsi mume wangu alipokuwa mdogo alivyomfuata mbuzi mpaka msituni, kijiji kizima kikamtafuta, akakutwa amelala chini ya mzinga wa nyuki. "Huyu naye atakuwa hivyo," alisema akitazama tenga. "Miguu yake mirefu. Mtamfunga kamba." Maharage yalianguka kwenye ungo, tak, tak, tak. Nilikuwa naipenda sauti ile. Nilisema moyoni, maadamu naisikia, kuna mtu aliye macho zaidi yangu.

Sijui muda gani ulipita. Kichwa kiligonga, na nilitaka kutapika. Nikagundua kwamba ninasikiliza kitu na sikisikii. Maharage yalikuwa yamenyamaza.

"Mama," nikaita.

Alikuwa ameketi vilevile, ungo mapajani, kidevu kifuani. Ganda moja la maharage lilikuwa bado katikati ya vidole vyake.

"Mama!"

Hakujibu. Koroboi iliwaka kama kawaida. Jiko lilikuwa jekundu, safi, bila moshi. Chumba kilikuwa kimya na kina joto, na hakuna kitu hata kimoja humo kilichoonekana kibaya. Hicho ndicho ninachokiogopa mpaka leo. Hapakuwa na kitu cha kukipigia kelele.

Nikageuka kwenye tenga. Mtoto alikuwa ametulia. Nikainama na mwanga ukamwangukia usoni, na nikaiona ile rangi. Mashavu mazuri. Midomo myekundu.

Sikufikiri mwiko wala baridi. Nilijua tu kwamba nimeshawahi kukaa mahali hapa, na najua kinachofuata.

Nilipojaribu kusimama miguu ilikunjika, nikaanguka kando ya kitanda. Nikamvuta mtoto kutoka kwenye tenga pamoja na ngozi yake, nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikatambaa. Chumba kile hakikuwa kikubwa. Mlango ulikuwa mbali mno. Nilipofika gunia lilikuwa limekaza, nikalivuta kwa kucha, nikalivuta tena, likatoka. Nikashika komeo nikiwa nimepiga magoti. Hapo nilikumbuka kwamba siku yake ya kutoka haijafika, kwamba hakuna mtoto wa ukoo ule aliyetolewa chini ya anga kabla ya siku. Mkono wangu ulisita, kweli ulisita. Kisha nikafungua.

Ukungu ulinipiga usoni kama maji. Nilimlaza kwenye majani mbele ya mlango. Hakusogea. Nilimpulizia usoni. Nikachota umande kwenye majani ya mgomba nikampangusa paji la uso, kifua, nyayo, nikamwita, na kwa kuwa hakuwa na jina nilimwita "mwanangu, mwanangu, mwanangu," nikimtikisa. Nilikuwa nataka kupiga yowe lakini watu wote walikuwa ndivani, chini ya kilima, na sauti ilikuwa haitoki.

Akapiga chafya.

Ilikuwa ndogo kama ya paka. Kisha akakunja uso, akavuta pumzi, akalia. Kilio chembamba, kibovu, cha kukatikakatika. Sijasikia sauti nyingine nzuri kama ile.

Mama mkwe alikuwa bado ndani.

Nilisimama mlangoni nikiushika mwimo. Hewa ya mle ndani ilinigusa usoni, ya joto, tamu, na mwili wangu wote ulikataa. Nilimtazama mtoto kwenye majani, nikaitazama ile kanga ya mama mkwe katika mwanga wa koroboi. Nilivuta pumzi, nikaibana kama mtu anayezama mtoni, nikaingia. Nilishika fundo la kanga yake mgongoni nikavuta. Kigoda kikapinduka, ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika sakafuni nami nikawa nateleza juu yake. Alikuwa mwembamba, lakini siku ile alikuwa mzito kama gogo. Nilimvuta mpaka kichwa na mabega yake yakawa nje ya kizingiti, na hapo nguvu zikaniishia, nikaketi.

Alitapika. Akakohoa kile kikohozi chake. Alipofumbua macho hakunitazama mimi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje, mama."

"Nje?" Alijaribu kuinuka akashindwa. "Umemtoa nje? Wewe binti wa mhunzi, umemtoa mtoto nje?"

"Msikilize, mama. Analia."

Akasikiliza. Tulisikiliza wote wawili.

"Kichwa changu kinapasuka," alisema baadaye.

"Na changu. Hata siku ya yule wa kwanza kilikuwa hivihivi. Mikono ilikuwa hivihivi. Na yeye alikuwa na rangi ileile, mama. Huyu nimemkuta na rangi ileile."

Nikaona hakuna tena cha kuficha. Nikamwambia, "Baba alikuwa akisema makaa hayalali na watu."

Aligeuza kichwa polepole akalitazama jiko kule ndani, likiwaka peke yake. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngesemaje?"

Alijiburuta mpaka alipokuwa mtoto, akamwinua kutoka kwenye majani, akamweka ndani ya kanga yake kifuani, akaegemea ukuta wa nje. Nami nikaegemea karibu naye. Tulikaa hivyo ukungu ukitulowesha. Hakuna aliyesema turudi ndani.

Miaka mingi baadaye nilisikia mtu wa hospitali akieleza wanawake kwamba makaa yana hewa mbaya isiyo na moshi wala harufu, na nyumba iliyozibwa huifungia ndani pamoja na watu. Niliketi nyuma kabisa. Siku ile ya ukungu hatukujua lolote, tulikuwa tunaogopa tu mlango ulio wazi nyuma yetu.

Watu walirudi kutoka ndivani na matope mpaka magotini. Wifi ndiye aliyetangulia. Aliponiona nje, kichwa wazi, na mama yake chini, alitupa jembe.

"Ee Mungu wangu! Nani amemtoa mtoto? Nani amemtoa mtoto nje?"

Baba mkwe akafika nyuma yake, na majirani nyuma ya baba mkwe. Wakasimama. Nilifungua mdomo kusema ni mimi.

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Wewe mama?"

"Nimesema mimi. Nilisikia joto."

"Joto!" alisema baba mkwe. "Kwa ukungu huu? Mke wangu, umezeeka vibaya." Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikawalegeza wengine.

"Basi nimezeeka," alisema. "Liondoeni lile jiko humo ndani. Na kabla hamjaliondoa, toeni ile ngozi ya dirishani. Wewe," akamwambia wifi, "usiingie mpaka dirisha liko wazi. Umenisikia? Kalifungulie nje."

Alisema uongo mbele ya watu wote, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo mwingine. Nilimtazama. Hakunitazama.

Jioni ileile tulihamia msongeni, mimi na mtoto na yeye, siku zangu zikaishie huko. Tulikaa upande wa mbuzi, karibu na mafiga ya zamani. Kichwa kilikuwa kinaniacha kidogo kidogo. Lakini kuni zilikuwa mbichi na moshi ulishuka mpaka usawa wa macho, na mtoto akaanza kukohoa. Alikohoa mwili wote ukakunjika. Nikamfunika kwa kanga, akazidi. Nikamtazama mama mkwe, na machozi yalikuwa yananitoka, ya moshi na yasiyo ya moshi.

Alimsikiliza mtoto kidogo. Kisha akasimama, akachukua mpini wa jembe la mume wake, akapanda juu ya kigoda, akalidunga paa la nyasi juu ya mafiga. Masizi yakamwangukia usoni. Akadunga tena.

"Unabomoa nyumba yangu?" baba mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Natafuta njia ya moshi."

"Mvua itaingia."

"Iingie."

Akadunga mpaka tukaona anga, kipande kidogo cha kijivu. Moshi ukayumba, ukaanza kwenda juu. Matone yakaanza kudondoka. Akashuka, akaketi, akafuta masizi machoni kwa pindo la kanga, akaniambia nimhamishe mtoto upande usiodondokewa.

Nikamhamisha.